Kumbukumbu ya Hatia na Maombi ya Kibali cha Ukaazi: Ufafanuzi kwa Watumishi na Wakazi

Ufafanuzi huu unatolewa kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa Kata ya Chole, Wilaya ya Kisarawe, na vilevile kwa wenzao wa Kisiwa cha Chole wilayani Mafia. Sehemu hizi mbili zenye jina moja zote zimo katika Mkoa wa Pwani, ambao makao yake makuu yapo Kibaha. Uhamiaji ni jambo la Muungano. Kwa hiyo yaelezwayo hapa yanahusu Tanzania Bara na Zanzibar kwa pamoja.

Jambo lenyewe ni hili: mgeni aliyewahi kutiwa hatiani na mahakama, akitaka kuishi nchini kwa kibali, je, hatia hiyo humzuia? Wapo wanaoamini kwamba aliyewahi kufungwa hapati kibali kamwe. Wapo pia wanaoamini kwamba yaliyotendeka ng'ambo hayafiki huku. Imani zote mbili si sahihi, na kila moja imeweza kumponza mtu.

SHERIA INAVYOSEMA

Mwongozo mkuu ni Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, pamoja na marekebisho yake. Sheria hiyo inataja makundi ya watu wanaohesabiwa kuwa wahamiaji waliopigwa marufuku. Miongoni mwao ni mtu aliyetiwa hatiani katika nchi nyingine kwa kosa la kuua, au kwa kosa lolote ambalo alihukumiwa kifungo, akawa hakupewa msamaha kamili, na ambaye kwa sababu ya mazingira ya jambo hilo anaonekana na mamlaka ya uhamiaji kuwa hafai kuingia. Wafanyabiashara wa dawa za kulevya wametajwa peke yao.

Msomaji azingatie namna maneno hayo yalivyopangwa. Kifungo peke yake hakifungi mlango. Baada ya kifungo huangaliwa msamaha, na baada ya msamaha huangaliwa mazingira. Hapo ndipo mwombaji anapopata nafasi ya kueleza kosa lilikuwa la namna gani, alikuwa na umri gani, miaka mingapi imepita, na ameishije tangu alipotoka gerezani. Uamuzi ni wa mamlaka, lakini mamlaka haiwezi kupima jambo ambalo halikuwekwa mezani.

Msamaha nao ueleweke. Kupunguziwa kifungo, au kuachiwa kabla ya muda kwa tabia njema gerezani, si sawa na msamaha kamili. Aliyeachiwa kwa njia hiyo bado ni mtu aliyehukumiwa kifungo.

HATIA SI TUHUMA

Kukamatwa, kuhojiwa na polisi au hata kushtakiwa si kutiwa hatiani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike kuwa analo. Vivyo hivyo, aliyetozwa faini kwa kosa la barabarani hayumo katika fungu moja na aliyehukumiwa kifungo. Hata hivyo, fomu ikiuliza kuhusu mashtaka au faini, swali hilo lijibiwe kama lilivyoulizwa.

KUFICHA NI KOSA JIPYA

Chukuliwe mfano wa mwanamke wa Chole aliyeolewa na mgeni. Mume huyo, alipokuwa na miaka 19, alifungwa miezi 6 kwao kwa wizi. Sasa ana miaka 40, ana watoto wawili, na anataka kibali ili ashughulike na shamba la mikorosho pamoja na mkewe. Akiogopa, ataandika katika fomu kwamba hajawahi kutiwa hatiani. Akiwa na moyo mkunjufu, ataandika mwaka, mahakama, kosa na adhabu, kisha ataambatisha nakala ya hukumu na uthibitisho kwamba kifungo kimekwisha.

Katika njia ya pili ombi linaweza kukubaliwa au kukataliwa, lakini mwombaji hana kosa jipya. Katika njia ya kwanza, hata kibali kikitoka, kinasimama juu ya mchanga. Kutoa maelezo ya uongo ili kupata kibali ni kosa la jinai kwa sheria hiyo hiyo, na kibali kilichopatikana kwa udanganyifu kinaweza kufutwa siku yoyote ukweli ukijulikana. Hapo mtu huadhibiwa kwa uongo wa jana, ilhali wizi wa ujanani huenda ungesameheka. Watakaoumia zaidi ni mke na watoto, ambao hawakuandika neno lolote katika fomu ile.

ALIYE NA KIBALI TAYARI

Vibali vya ukaazi vimegawanyika katika madaraja 3. Daraja A ni la wawekezaji na wanaojiajiri. Daraja B ni la walioajiriwa. Daraja C ni la makundi mengine kama wanafunzi, watafiti na wamisionari. Kwa wa Daraja B, Tanzania Bara, huhitajika pia kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni.

Mwenye kibali cha daraja lolote akitenda kosa akiwa nchini, asidhani kwamba adhabu ya mahakama ndiyo mwisho. Kibali chake kinaweza kufutwa, na Waziri mwenye dhamana ya uhamiaji anayo mamlaka ya kuamuru mgeni aondolewe nchini. Raia hafukuzwi kwao kwa sababu ya kosa. Mgeni anaweza kufukuzwa. Anayetarajia kuomba uraia wa kuandikishwa akumbuke pia kwamba Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inataka mwombaji awe mtu mwenye tabia njema.

Raia wa nchi jirani wajue kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inatoa haki ya kusafiri na kuishi katika nchi wanachama, lakini inaruhusu kila nchi kuweka mipaka kwa ajili ya usalama, afya na maslahi ya umma.

WAJIBU WA VIONGOZI WA KATA NA VIJIJI

Mtendaji au mwenyekiti anayeombwa barua ya kumtambulisha mgeni aandike anayoyajua tu: mgeni anakaa wapi, tangu lini, na anafanya shughuli gani. Asithibitishe kwamba mgeni hana hatia ng'ambo, kwa kuwa hana njia ya kulijua hilo. Aidha, habari za kosa la mtu zikimfikia kiongozi kwa njia ya kazi, zipelekwe panapohusika, wala zisisimuliwe barazani. Mgeni atakayeona siri yake imekuwa gumzo la kijiji atajuta kusema kweli, na wenzake watajifunza kunyamaza.

WANANCHI WANAOKWENDA NJE

Mizani hiyo hiyo humsubiri Mtanzania aendapo ugenini. Nchi nyingi hudai hati ya tabia njema, ambayo hapa hutolewa na Jeshi la Polisi baada ya mwombaji kuchukuliwa alama za vidole. Nchi nyingine ni kali kuliko yetu. Uingereza, kwa kanuni zilizoanza tarehe 1 Desemba 2020, hukataa kwa kawaida ombi la mtu aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, hata kama hukumu hiyo ni ya zamani.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Fomu isomwe yote kabla ya kujazwa, na kila swali lijibiwe kwa ukweli.

2. Nakala ya hukumu na uthibitisho wa kumaliza adhabu au wa kusamehewa vitafutwe mapema. Vikiwa katika lugha nyingine, vitafsiriwe kwa Kiswahili au Kiingereza.

3. Mwombaji asimwachie dalali kujaza fomu kwa niaba yake. Sahihi iliyo chini ya fomu ni ya mwombaji, na lawama pia ni yake.

4. Mwenye shaka aulize katika Ofisi ya Uhamiaji kabla ya kuwasilisha ombi, si baada ya kukataliwa.

Hatia ya zamani ni mzigo, lakini ni mzigo unaoweza kupimwa. Uliofichwa haupimwi, hungoja siku ya kumwangukia aliyeubeba na wote waliomtegemea.