Kuacha, Kukatiza na Kuahirisha Masomo: Maneno Yanayohitaji Mipaka

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mbele ya watu wa istilahi, yapo yanayohusu vitu vigeni: mitambo, dawa na elimu mpya. Maswali hayo ni magumu, lakini ugumu wake huonekana tangu mwanzo, kwa kuwa neno halipo na kila mtu anajua kwamba halipo. Yapo maswali ya namna nyingine ambayo hatari yake imejificha. Maneno yapo, tena ni mengi, na kila mtu anadhani anayajua. Katika makala haya tunakusudia kueleza kundi moja la maneno ya aina hiyo, nayo ni yale yanayotumika kwa mwanafunzi anayetoka chuoni kabla ya kumaliza, kisha akarudi kuendelea.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Mwanafunzi huugua, au huuguza. Ada hukosekana. Mama mwanafunzi hujifungua. Mvua za masika hukosekana, na nguvu zote za nyumbani zikahitajika shambani msimu unaofuata. Katika hali hizo mwanafunzi hurudi nyumbani kwa muhula mmoja, au mwaka, au zaidi, huku nia yake ya kusoma ikiwa palepale. Je, mtu huyo tumwiteje? Na tendo lake tuliandikeje katika fomu?

Mwalimu mmoja wa Mikese, mji mdogo uliopo mashariki ya Morogoro kando ya Reli ya Kati na barabara kuu iendayo Dar es Salaam, ametuandikia kuhusu swali hili. Kijana mmoja wa kike aliyemfundisha zamani alikuwa katika mwaka wa pili wa chuo. Mama yake akaugua, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumtunza. Kwa desturi ya Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, shauri la namna hiyo humhusu sana mjomba. Mjomba akaketi, akaandika barua kwa wakuu wa chuo kwamba mpwa wake “ameacha masomo kwa muda ili amuuguze mama yake.” Barua ilikuwa na adabu zote, na maana yake kwa mzee huyo ilikuwa wazi. Lakini karani aliyeipokea alikuwa na daftari lenye safu nyembamba, naye akaandika maneno mawili tu: “ameacha masomo.” Mwaka uliofuata binti aliporudi, nafasi yake ilikuwa imekwisha kuhesabiwa kuwa wazi, akaelezwa kwamba sharti aombe upya kama mtu asiyejulikana. Wakati mwalimu anatuandikia, shauri hilo lilikuwa bado halijaamuliwa. Swali lake kwetu ni fupi: mjomba angeandika neno gani?

Hatuwezi kumlaumu mjomba. Alisema Kiswahili sahihi. Wala hatudhani kwamba karani alikuwa na nia mbaya. Yeye alichukua kitenzi, akaliacha fungu la maneno lililokifuata. Hapo ndipo tunapopata fundisho la kwanza la kazi yetu: istilahi inayotegemea “kwa muda” ili ipate maana yake haifai kutumika katika fomu, maana fomu ni nyembamba, na maneno ya mwisho ndiyo yanayotangulia kuanguka.

Hebu basi tuyapime maneno yenyewe, moja baada ya jingine.

Kuacha. Kitenzi hiki kinabeba mambo mawili: hiari ya mtendaji na mwisho wa tendo. Mtu aliyeacha kazi si mtumishi tena, na aliyeacha tumbaku havuti. Kwa hiyo “ameacha masomo” maana yake ni kwamba ameamua mwenyewe kuyakoma. Tukimtumia neno hili mwanafunzi aliyezuiliwa na ugonjwa, tunampa nia asiyokuwa nayo. Hali kadhalika tuangalie mnyambuliko wake. “Ameachishwa masomo” huonyesha kwamba kuna mwingine aliyemtoa, hali “ameacha” humtwika yeye mzigo wote.

Kukatiza. Neno hili limetokana na “kata,” na maana yake ni kukifupisha kitendo kabla hakijafika mwisho wake. Msafiri aliyekata tiketi ya Morogoro akashuka Mikese amekatiza safari. Huenda kesho akapanda tena, na huenda akarudi alikotoka. Kitenzi chenyewe hakituambii. Uzuri wa “kukatiza” ni kwamba halimlaumu mtu. Upungufu wake ni kwamba linaeleza pale masomo yalipokomea, bila kusema lolote juu ya yatakayofuata.

Kuahirisha. Neno hili lenye asili ya Kiarabu limebeba maana ya kusogeza mbele. Mahakama ikiahirisha kesi hutaja siku ya kuisikiliza tena, na mkutano ukiahirishwa wajumbe hawavuliwi ujumbe wao. Kwa hiyo katika “kuahirisha” mna mambo mawili yasiyopatikana katika maneno yaliyotangulia: ahadi ya kuendelea, na mwenye mamlaka wa kuipokea ahadi hiyo. Ndiyo sababu neno hili limekwisha kuenea katika vyuo vyetu vikuu kwa ajili ya mwanafunzi aliyeomba ruhusa akakubaliwa.

Kusimamisha. Hapa pana mtego. Kwa sura yake neno hili lingefaa, kwani kitu kilichosimama chaweza kuondoka tena. Lakini katika utumishi wa serikali na katika shule, “kusimamishwa” kumekwisha kuwa hatua ya nidhamu. Mtumishi aliyesimamishwa kazi anangoja uchunguzi. Mwanafunzi aliyesimamishwa masomo hali kadhalika. Tukiandika kwamba binti wa Mikese “amesimamisha masomo,” msomaji mwenye haraka atasoma “amesimamishwa,” na doa litamwandama mpaka katika maombi ya kazi.

Likizo na mapumziko. Likizo ni ya wote, tena hujulikana tangu mwanzo wa mwaka. Zaidi ya hayo, “likizo ya masomo” katika ofisi zetu ina maana iliyo kinyume kabisa: ni ruhusa apewayo mtumishi kutoka kazini aende kusoma. Neno moja haliwezi kumtoa mtu darasani na kumwingiza darasani. Ama “mapumziko,” tunamwomba msomaji amfikirie mtu anayemuuguza mzazi usiku kucha, kisha ajiulize kama mtu huyo anapumzika.

Utoro. Historia ya neno hili ni nzito. Katika pwani yetu ya karne ya 19, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Leo shule hutumia “utoro” kwa kukosa masomo bila ruhusa, na kwa maana hiyo lafaa. Lakini mwanafunzi aliyetoa taarifa si mtoro, hata kama amekosekana mwaka mzima.

Wanafunzi wenyewe wana maneno yao. Husema “amedisko” kwa aliyeondolewa chuoni kwa sababu ya kushindwa mitihani, na “sapu” kwa mtihani wa marudio. Hatuyadharau maneno haya. Yanaonyesha kwamba wasemaji wanahitaji kutofautisha mambo ambayo lugha ya ofisi imeyachanganya. Katika maandishi rasmi, hata hivyo, “kuondolewa masomoni” hutosha kwa kushindwa mitihani, na “kufukuzwa” kubaki kwa makosa ya nidhamu.

Historia ya nchi yetu inatuonya kwamba haya si mabishano ya kamusi tu. Mnamo Oktoba 1966 wanafunzi walioandamana hadi Ikulu, Dar es Salaam, kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa walifukuzwa. Idadi yao ilipita 300. Mwaka 1967 wengi wao waliruhusiwa kurudi. Basi “kufukuzwa,” neno linalosikika kama mwisho wa yote, kwa wengi wao lilikuwa kipindi chenye mwanzo na kikomo. Kisha Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, lililotaka vijana waliomaliza sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Hao hawakuacha, hawakukatiza, wala hawakuahirisha kwa hiari yao. Utaratibu wenyewe ndio uliosogeza masomo mbele, na katika miaka ya 1980 ukalegezwa. Mifano hii miwili inaonyesha kwamba pengo katika masomo laweza kuletwa na mwanafunzi, na chuo, au na serikali, na kila moja lataka neno lake.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 2021. Mwezi Novemba mwaka huo Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wanafunzi waliotoka shuleni, wakiwamo wasichana waliopata mimba, wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ukawataja kuwa ni wanafunzi “waliokatiza masomo” kwa sababu mbalimbali. Uteuzi huo wa neno ulikuwa wa busara. Kama waraka ungesema “walioacha shule,” ungewatupia hukumu watoto ambao wengi wao hawakuamua lolote. Na kama ungesema “walioahirisha,” ungedai kwamba waliomba ruhusa wakapewa, jambo ambalo halikuwa kweli. “Kukatiza” lilisema kilichotokea, likaacha mlango wazi. Majirani zetu wa Kenya, waliokuwa na sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua tangu mwaka 1994, nao wamekutana na haja hiyohiyo ya neno lisilo na lawama.

Tuangalie sasa upande wa pili wa safari, yaani kurudi. Hapa kosa linaloonekana mara nyingi ni kuchanganya “kurudi” na “kurudia.” Herufi moja yabadili mambo. Mwanafunzi aliyerudi mwaka wa pili ameingia tena darasani, lakini aliyerudia mwaka wa pili ameusoma mara mbili, na aghalabu kwa sababu alishindwa. “Kurejea” nalo lina maana mbili, kwa kuwa “kurejea masomo” yaweza kuwa kuyapitia tena kwa ajili ya mtihani. Kiambishi -ni cha mahali hutuondolea shaka: “kurejea masomoni.” Ama “kudahiliwa upya” ni jambo jingine kabisa, maana aliyepoteza nafasi ndiye anayedahiliwa upya. Yule aliyeahirisha nafasi yake ipo, naye hujiandikisha kuendelea tu.

Kutokana na maelezo haya, tunaona kwamba neno sahihi hupatikana kwa kuuliza maswali manne. Nani ameamua: mwanafunzi, chuo, au hali isiyozuilika? Je, nafasi yake imehifadhiwa? Je, tarehe ya kurudi imetajwa? Na akirudi, ataanzia wapi? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotuongoza kutoa mapendekezo yafuatayo:

(a) Kuahirisha masomo: mwanafunzi ameomba, mwenye mamlaka amekubali, nafasi ipo, na wakati wa kurudi umetajwa.

(b) Kukatiza masomo: masomo yamekoma kabla ya mwisho kwa sababu yoyote, bila ya makubaliano ya kurudi, lakini bila ya kuufunga mlango.

(c) Kuacha masomo: mwanafunzi mwenyewe ametamka kwamba hataendelea. Lisitumike pasipo tamko lake.

(d) Kusimamishwa masomo: hatua ya nidhamu ya muda. Kufukuzwa: hatua ya nidhamu ya kumtoa. Kuondolewa masomoni: kutokana na matokeo ya mitihani.

(e) Kurejea masomoni: kuingia tena mahali alipoachia. Kurudia mwaka: kuusoma mwaka uleule tena. Kudahiliwa upya: kuomba na kupewa nafasi mpya.

Kwa wafasiri wa kanuni za vyuo, tunashauri wasitafute neno moja la kufunika yote haya. Kanuni za lugha za kigeni nazo hutofautisha, na mfasiri anayeandika “kuacha” kila mahali hufuta haki ambayo mwandishi wa kanuni aliitia. Kwa watumishi wa ofisi za udahili na za mikopo ya wanafunzi, tunashauri safu ya “ameacha” katika daftari ifuatwe na safu za “ameahirisha” na “amekatiza,” pamoja na nafasi ya tarehe. Wino unaohitajika ni mchache sana ukilinganishwa na mwaka wa mtu.

Na kwa walimu, ambao ndio wanaoombwa na wazazi kusaidia kuandika barua za namna hii, tunatoa mfano ufuatao: “Ndugu Mkuu wa Chuo, naomba mpwa wangu aruhusiwe kuahirisha masomo yake ya mwaka wa pili kuanzia muhula huu, ili amuuguze mama yake. Anakusudia kurejea masomoni mwanzoni mwa mwaka ujao wa masomo, naye anaomba nafasi yake ihifadhiwe.” Barua hiyo inajibu maswali yote manne. Ikisha kupokewa, mwombaji adai jibu la maandishi, maana kuahirisha hakukamiliki mpaka mwenye mamlaka akubali.

Hayo ni mapendekezo, wala si uamuzi wa mwisho. Wasomaji walio katika vyuo vya ualimu, vyuo vya maendeleo ya wananchi na ofisi za elimu za wilaya wanaombwa watuletee fomu wanazozitumia, pamoja na maneno yanayosemwa na watu wa mahali pao. Mwalimu wa Mikese tumekwisha kumpelekea majibu haya, ili ayaambatanishe na rufani ya mwanafunzi wake.