Mteule wa Chama na Kanuni za Kumteua (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwamba raia wa Marekani hawamteui mgombea wa chama kwa mkupuo mmoja, bali hupiga kura za mchujo jimbo baada ya jimbo, na kura hizo hugeuzwa kuwa wajumbe, nao wajumbe ndio wakutanao katika Mkutano Mkuu wa chama na kumsimika mteule. Leo tunakusudia kuitazama kazi hiyo ya kugeuza kura kuwa wajumbe, kwani humo ndimo ilimozuka mizozo mikubwa ya mwaka 2008, pale Barack Obama na Hillary Clinton waliposhindania uteuzi wa chama cha Democratic. Shindano hilo sisi wa Afrika Mashariki tulilifuata kwa hamu kubwa, kwa kuwa nasaba ya Obama upande wa baba inatoka Siaya, ingawa aghalabu tuliyajua zaidi majina ya washindani kuliko masharti yaliyowaongoza.

Kanuni ya kwanza ni ya ugawanyaji. Chama cha Republican, katika majimbo mengi ya mwaka ule, kilimpa mshindi wa jimbo wajumbe wote, na kwa hiyo John McCain alikwisha kujihakikishia uteuzi tarehe 4 Machi. Democratic hawafanyi hivyo: kila mgombea apataye asilimia 15 ya kura, au zaidi, hupewa fungu lake kwa kadiri ya kura zake. Mtu atadhani kwamba kanuni yenye insafu namna hiyo haina la kustaajabisha. Walakini na atazame yaliyotukia tarehe 5 Februari, siku ambayo majimbo zaidi ya 20 yalipiga kura pamoja. Katika New Jersey, ambako kura zilizidi 1,000,000, Clinton alipata wajumbe 59 na Obama 48, yaani ziada ya 11. Na katika Idaho, ambako waliohudhuria walikuwa 20,000 na kitu, Obama alipata 15 na Clinton 3, yaani ziada ya 12. Hapana aliyeiba kura wala aliyepotosha hesabu. Ila upande mmoja uliisoma kanuni mapema, ukapeleka watu wake hata mahali ambapo wengine walipapuuza.

Idaho haikupiga kura ya sandukuni, bali ilifanya mkutano wa wanachama, kama ilivyofanya Iowa, jimbo lililofungua mlango wa mchujo mwaka ule. Huko Iowa, jioni ya tarehe 3 Januari, watu walikusanyika katika madarasa, makanisa na kumbi za mitaa, wakasimama makundi makundi hadharani, kila kundi na mgombea wake. Na kundi lisilofikia kiwango kilichowekwa, ambacho aghalabu kilikuwa asilimia 15, lilitakiwa ama livute wengine ama livunjike, na hapo jirani akamwendea jirani kumbembeleza ahamie kwake. Watu wa Clinton walilalamika kwamba mkutano wa namna hiyo humwacha nje muuguzi aliye zamuni na mama asiye na wa kumwachia mtoto. Watu wa Obama wakajibu kwamba kanuni ilijulikana na wote kabla ya shindano, na kwamba mjadala wa majirani uso kwa uso una thamani yake. Hoja zote mbili zilikuwa na haki ndani yake. Texas ilizichanganya njia zote mbili katika siku moja ya mwezi wa Machi, kura mchana na mkutano usiku: Clinton akashinda kura, Obama akaondoka na wajumbe wengi zaidi.

Lakini mzozo uliokaribia kukipasua chama ulikuwa wa Michigan na Florida. Chama kilikuwa kimeamuru kwamba, ghairi ya Iowa, New Hampshire, Nevada na South Carolina, jimbo lolote lisipige kura kabla ya tarehe 5 Februari. Michigan ikapiga tarehe 15 Januari, na Florida tarehe 29. Kitabu cha kanuni kilitaja adhabu ya kupunguziwa nusu ya wajumbe. Halmashauri ya Kanuni ikaona haitoshi, ikawafuta wote. Wagombea wakaahidi kutofanya kampeni huko, na Obama akaliondoa jina lake katika karatasi ya Michigan, hali Clinton aliliacha lake. Clinton akashinda pote pawili, na alipoona yu nyuma kwa wajumbe, akadai kura hizo zihesabiwe, kwa hujja kwamba mpiga kura wa Florida hakuichagua tarehe ile. Iliwekwa na baraza la kutunga sheria la jimbo, ambalo wengi wake walikuwa Republican.

Tarehe 31 Mei halmashauri ilikutana katika hoteli moja ya Washington, watazamaji wakishangilia na kuzomea. Harold Ickes, mshauri wa Clinton, alipinga kwa ukali maamuzi juu ya Michigan. Naye ni yule yule ambaye, akiwa mjumbe wa halmashauri hiyo, mwaka 2007 alikuwa ameunga mkono kufutwa kwa wajumbe. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Wala upande wa pili haukuwa na utawa zaidi: watu wa Obama waliokuwa wakihimiza kanuni zifuatwe neno kwa neno walikubali wapewe wajumbe 59 wa Michigan, na Clinton 69, katika jimbo ambalo hakuna karatasi iliyobeba jina la mtu wao. Iliamuliwa kwamba wajumbe wa majimbo yote mawili waingie, kila mmoja kwa nusu kura, yaani ile ile nusu iliyokuwa kitabuni tangu awali. Siku tatu baadaye Obama alifikia idadi iliyotakiwa. Na mwezi wa Agosti, kanuni ilipokuwa haiwezi tena kumdhuru, yeye mwenyewe aliomba wajumbe hao warudishiwe kura kamili.

Kwa rai yangu, kosa la asili lilikuwa la halmashauri kuizidisha adhabu iliyokwisha kuandikwa, na baada ya hapo kila aliyedai haki alikuwa pia anadai faida. Dawa haipatikani katikati ya shindano, kwa kuwa wakati huo kila mwenye kusema anajua ni nani atakayenufaika. Hupatikana baada yake, kama chama hicho kilivyofanya kufuatia fujo za Mkutano Mkuu wake wa Chicago wa mwaka 1968, kilipoandika upya taratibu zake kabla ya kujua mgombea wa mwaka 1972 atakuwa nani. Mwanachama anayengoja majina yatajwe ndipo aulize kanuni, amekwisha kuchelewa.

Sehemu ijayo itawahusu wajumbe wa aina nyingine kabisa, wale wakuu wa chama wapatao 800 ambao mwaka ule hawakufungwa na kura ya jimbo lolote, na sababu za chama kuwanyima, mwaka 2018, kauli katika duru ya kwanza.