Si Kila Waya Unaunganishwa kwa Kusokota

Panya akishatafuna waya wa dishi darini, kinachofuata katika nyumba nyingi ni kile kile. Mtu anapanda na kisu na tepu nyeusi ya umeme, anamenya pande mbili, anasokota shaba kwa shaba na nyuzi kwa nyuzi, anazungushia tepu, anashuka. Kwa waya wa taa ingetosha. Kwa dishi, chaneli zinarudi nusu, au zinarudi zote na kupotea mvua inapoanza, na lawama inaishia kwa king'amuzi ambacho hakina kosa.

Umeme kwenye jointi ile unapita, tena bila shida. Lakini picha haisafiri kama umeme wa taa. Inasafiri kama wimbi, na wimbi hilo lina urefu unaoweza kuupima kwa rula. Ukiujua urefu huo, utajua waya upi unaweza kuutengeneza kwa mkono na upi usiujaribu.

Chukua waya wa AV, ule wenye vichwa vya njano, nyekundu na nyeupe. Picha inayopita kwenye ule wa njano haivuki sana megahezi 6, na wimbi la masafa hayo, ndani ya waya, lina urefu wa zaidi ya mita 30. Sentimita mbili za shaba iliyosokotwa si kitu mbele ya wimbi kubwa namna hiyo. Sokota, chomea risasi kidogo, funga tepu, endelea kutazama mkanda wako wa harusi. Antena ya kawaida ya dijitali inapokea megahezi mia nne na sabini kwenda juu, na hapo wimbi limeshuka hadi karibu nusu mita. Jointi ya kusokota bado inaweza kuvumilika, mradi mnara uko karibu. Sasa njoo kwenye dishi. Kati ya LNB, kile kichwa kinachoitazama sahani, na king'amuzi chako, kunapita masafa ya megahezi 950 hadi 2150. Huku juu kabisa wimbi lina sentimita 11 au 12 tu. Robo yake ni sentimita tatu, yaani urefu wa jointi ya kusokota. Wimbi likifika pale linakutana na kizuizi, na sehemu yake inarudi ilikotoka.

Zoea la kusokota lilikuwa na maana zamani. Enzi za analojia jointi mbaya ilileta chenga kidogo, na watu walitazama mpira na chenga zake. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikafuata mwaka 2015, huruma hiyo imekwisha. Dijitali ina picha safi, au picha iliyoganda vipande vipande, au skrini nyeusi.

Kinacholizuia wimbi lisirudi ni umbo la waya wenyewe. Ukiukata waya wa dishi utaona kiini katikati, povu jeupe, foili, nyuzi za kusuka, kisha ganda la nje. Wazo hili ni la zamani: Oliver Heaviside alipata hataza yake Uingereza mwaka 1880, na waya wa namna tunayoijua leo uliombewa hataza Marekani na Lloyd Espenschied na Herman Affel mwaka 1929. Uzuri wake ni kwamba nafasi kati ya kiini na nyuzi haibadiliki kutoka mwanzo hadi mwisho, na nafasi hiyo, pamoja na lile povu, ndivyo vinavyoupa waya wa TV ile namba 75 ya ohmu inayoandikwa ubavuni. Ukishatenganisha kiini na nyuzi na kusokota kila kimoja upande wake, umbo limevunjika, na 75 haipo tena. Kwa hiyo jointi yoyote ya dishi lazima ilirudishe umbo: konekta mbili za F, moja kila upande, na kiungio cha kike kwa kike katikati. Vyote vitatu havifiki bei ya kumwita fundi.

Kabla ya kisu, chomoa king'amuzi kwenye soketi. Kukizima kwa rimoti hakutoshi. Waya huo huo unaoleta picha ndio unaopeleka umeme wa volti 13 au 18 juu kwenye LNB, na kiini kikigusa nyuzi wakati umeme upo, unaweza kuunguza saketi inayolisha LNB.

Volti hizo zina siri nyingine inayosaidia kutafuta ugonjwa. King'amuzi kikitaka chaneli za wimbi lililosimama kinatuma 13, kikitaka za wimbi lililolala kinatuma 18. Jointi iliyoota kutu inapunguza ile 18 njiani, LNB inadhani imeambiwa 13, na kundi zima la chaneli linatoweka huku lingine likionekana vizuri kabisa. Mtu akiniambia "nusu ya chaneli zimepotea", nauliza habari za waya kabla ya habari za kifurushi.

Kata sehemu iliyoumia, kisha menya uangalie. Nyuzi za kusuka zinanyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, kwa hiyo uharibifu huenda mbali kuliko alama ya meno ya panya. Ukikuta nyuzi zimefifia na kuacha unga, au kiini kimeota ukijani, kata sentimita kumi nyingine, angalia tena. Hapa ndipo watu wengi wanauonea waya huruma, hasa maeneo ya pwani ambako chumvi inakwenda pamoja na maji. Usiuonee.

Ukifika kwenye chuma safi, ondoa ganda la nje milimita 12 hivi. Rudisha nyuzi nyuma zilalie juu ya ganda lililobaki. Kisha kata povu nusu ya urefu huo, kiini kibaki uchi milimita sita. Geuza wembe polepole na usikiguse kiini chenyewe. Waya mwingi wa bei nafuu una kiini cha chuma kilichopakwa shaba kwa juu tu. Sogeza sumaku utaona. Kwa picha hakuna hasara, kwa kuwa masafa makubwa hukimbilia kwenye ngozi ya waya, na ngozi hiyo ni shaba. Ukiichuna, unyevu unaingia kwenye chuma na kutu inaanza. Ingiza konekta mpaka povu lionekane limelingana na sakafu ya ndani, kiini kikichungulia milimita mbili tu nje ya mdomo. Kisha ielekeze kwenye mwanga. Uzi mmoja uliopotoka na kugusa kiini unatosha kukuharibia kazi yote, na hauonekani mpaka uutafute.

Konekta za kubana kwa koleo lake ni bora kuliko za kukaza kwa mkono, ingawa hizi za mkono zinafaa zikikazwa barabara. Risasi sipendekezi. Nyuzi za waya mwingi ni alumini, ambayo risasi ya kawaida haishiki, na joto la kuchomea linayeyusha povu na kukisogeza kiini kutoka katikati. Kiungio nacho kichague: vile vya antena za zamani vilitengenezwa kwa masafa madogo, kwa hiyo tafuta kilichoandikwa gigahezi 3. Watu wanaogopa jointi kwamba "inakula nguvu". Ikifungwa hivi inakula sawa na mita moja au mbili za waya, basi, wakati mita 30 za waya wenyewe kwenye masafa ya juu zinakula karibu sehemu tisa kati ya kumi za nguvu na bado unapata picha.

Ukiweza, jointi ikae ndani, chini ya dari. Ikilazimu kukaa nje, tepu ya kawaida italegea kwa jua la bati. Tumia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, uizungushe kutoka chini kwenda juu. Acha pia waya uning'inie kidogo chini ya kiwango cha konekta, tone la mvua lidondoke hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani.

Kupima ni dakika moja. Chomoa ncha zote mbili, weka mita kwenye ohmu, gusa kiini na nyuzi: isisome kitu. Kisha mwenzako aunganishe kiini na nyuzi kule mwisho: sasa isome ohmu chache. Ya kwanza ikisoma, kuna uzi umegusa. Ya pili isiposoma, kuna mahali pamekatika.

Waya wa VGA, ambao bado unabeba projekta za shule na makanisa mengi, una tabia nzuri ya kukueleza unapoumwa. Picha ikigeuka njano, rangi ya bluu imekatika. Ikiwa zambarau, kijani. Ikiwa na ubluu wa kijanikijani, nyekundu. Pini hizo ni za 1, 2 na 3 kwa mpangilio wa nyekundu, kijani, bluu. Mara nyingi pini imepinda tu, inyooshe kwa kibano. Pini ya 9 ikikosekana usishtuke, nyaya nyingi zinatoka kiwandani bila hiyo. Kwa picha ya 1024 kwa 768, masafa yake yanavumilia kubadilishiwa kichwa kwa risasi na uvumilivu.

HDMI usiikate. Ndani kuna jozi nne za waya mwembamba kama nywele, na kwa picha ya 1080 kila jozi ya picha inapitisha biti bilioni moja na nusu hivi kwa sekunde. Waya mbili za jozi moja zinatakiwa zilingane urefu na ziende bega kwa bega. Jointi ya mkono inazipotosha, na unapata vidoti vinavyomeremeta au skrini nyeusi. Jaribu kwanza kugeuza ncha na kubadili soketi ya TV, kwa kuwa kinacholegea aghalabu ni mdomo. Ikiwa kweli waya umekufa, nunua mwingine. Na kama wa zamani umepita kwenye paipu ndani ya ukuta, usiuchomoe kwanza: ng'oa kichwa chake kimoja, funga mkia wake kwenye kamba imara, uvute utokee upande wa pili, kisha tumia kamba hiyo kuuvuta mpya, baada ya kuhakikisha kichwa chake kinapita kwenye kona za paipu.