KIJIJI CHA KWIHARA

Mgeni apendaye mambo ya kale, akifika Tabora, huuliza, "Njia ya kwenda kwa Livingstone ni ipi?" Haulizi Kwihara iko wapi. Mimi nami nilipokuja kuanza Kidato cha Kwanza nilidhani "Kwa Livingstone" ndilo jina la mahali hapo. Siku moja ya Jumamosi tulikwenda huko kwa miguu, wanafunzi kumi na wanne pamoja na mwalimu wetu wa historia. Jua lilikuwa kali, nasi tukasimama kwenye mji wa mzee mmoja kuomba maji ya kunywa. Tulipokwisha kumwamkia na kunywa, alituuliza twendako. Tukamwambia. Mzee akacheka, akasema, "Haya, wajukuu zangu, na huyo Livingstone wenu, alipokuwa hapa, alikunywa maji ya nani?"

Hatukuwa na jibu. Njiani tulicheka tukalisahau, lakini usiku bwenini swali lile lilinirudia, na ndilo lililonifanya nisome habari za Kwihara na kuandika makala hii.

Kwihara ni kijiji kidogo kusini-magharibi ya mji wa Tabora. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kufika kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kijiji kimo katika bonde pana, na pembeni kuna vilima vya mawe ya matale, mengine yamelaliana kana kwamba yamepangwa kwa mikono. Nchi yetu yote hapa ni uwanda wa juu, upatao meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni za msimu mmoja, huanza kama Novemba na kwisha Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi kitupu mpaka mwisho wa Oktoba. Miti ya porini ni miombo na mininga, na nyuki hupenda sana maua ya miombo, ndiyo sababu asali ya Tabora ina jina kubwa nchini.

Sasa, nchi yenye kiangazi cha miezi sita na isiyo na mto mkubwa uendao mwaka mzima yaweza kulisha watu maelfu namna gani? Jibu liko chini ya miguu. Mvua inaponyesha, maji hupita upesi katika udongo wa kichanga wa miinuko, kisha hukutana na mwamba wa matale usiopitisha maji. Hapo hayana budi kuteremka polepole mpaka mbugani, penye udongo mweusi unaonata. Kwa hiyo mtu akichimba kisima ukingoni mwa mbuga hana haja ya kwenda mbali sana. Mzee wetu alitonyesha kisima chake: alikuwa akichota kwa kamba fupi, na hiyo ilikuwa Septemba. Juu ya miinuko watu hulima mtama, mahindi, mihogo, karanga na viazi vitamu. Mbugani hulima mpunga, zao lililoletwa na Waarabu. Viazi vikizidi huchemshwa na kukaushwa kuwa matobolwa, nayo hukaa ghalani muda mrefu bila kuharibika. Wasafiri wa zamani walijua thamani ya chakula cha namna hiyo kuliko sisi tunaokilalamikia mezani.

Basi maji na chakula ndivyo vilivyoifanya nchi hii ya Unyanyembe kuwa njia panda. Misafara iliyotoka pwani ya Bagamoyo ilitembea muda wa miezi mitatu kufika hapa, ikipita Ugogo penye shida ya maji na watemi waliodai hongo. (Siku hizo hongo ilikuwa ada ya halali ya kupita katika nchi ya mtu, maana yake ya leo mnaijua.) Walipofika Unyanyembe watu walipumzika, wakafungua mizigo, wakaajiri wapagazi wapya. Kutoka hapa njia ziligawanyika: moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji na kuvuka ziwa kuingia Kongo, moja kaskazini kupita Karagwe mpaka Buganda, na nyingine kusini-magharibi kwenda Ufipa na nchi za mbele yake. Waarabu walifanya maskani yao Kaze, ambayo ndiyo Tabora ya leo. Burton na Speke walifika Kaze Novemba 1857, na mwaka uliofuata Speke akatoka hapo kwenda kaskazini mpaka akaliona Ziwa Viktoria. Leo maji ya ziwa hilo yanakuja Tabora kwa bomba. Nadhani Speke angeona ajabu.

Lakini kabla ya Mwarabu na Mzungu, njia zile zilikuwa njia za Wanyamwezi wenyewe. Walikuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani kwa hiari yao na kurudi na nguo na shanga. Wengi walitoka mavuno yalipokwisha na kujitahidi kurudi kabla ya mvua, ili walime. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32, na juu yake kulikuwa na mkeka wake, chungu, posho na silaha. Nguo iliyopendwa sana ilikuwa merikani, nayo iliitwa hivyo kwa sababu ilifumwa Marekani, ikasafirishwa kwa merikebu mpaka Unguja, na mwisho ikafika hapa juu ya bega la mtu. Tusifiche kwamba katika njia hizo hizo walipita pia watu waliofungwa minyororo, wakipelekwa kuuzwa.

Utajiri ulileta ugomvi. Mtemi Fundikira alikuwa amewaruhusu Waarabu kufanya biashara bila ya kutoza kodi. Mnywa Sele, aliyetawala baada yake, alitaka walipe kodi, nao wakamwondoa kwa vita na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele alipigana miaka kadhaa porini mpaka akauawa mwaka 1865. Makao ya mtemi yalikuwa Kwikuru, si mbali na Kwihara. Jina hilo maana yake ni "penye ikulu", na neno la ikulu tunalotumia leo kwa makao ya Rais limetoka katika lugha za huku kwetu.

Henry Morton Stanley alifika Kwihara tarehe 23 Juni 1871. Alikuwa ametumwa na gazeti la New York kumtafuta Dk. David Livingstone, ambaye habari zake zilikuwa zimepotea. Liwali Sayd bin Salim alimpa nyumba kubwa ya tembe. Kwa wasomaji wasiojua, tembe ni nyumba ya pembe nne yenye kuta nene za udongo na dari bapa ya miti iliyofunikwa udongo. Vyumba huzunguka ua, na mbele kuna baraza. Ndani yake ni baridi hata saa sita mchana. Nyumba tuliyoiona sisi imejengwa upya kwa mfano wa ile ya zamani, na serikali inaitunza kuwa makumbusho.

Stanley hakupata kuondoka mapema. Mtemi Mirambo wa Urambo, ambaye Wazungu waliosafiri huku walikuja kumwogopa na kumheshimu, alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Waarabu wakaenda kumpiga, na Stanley akafuatana nao, lakini walishindwa vibaya. Mwezi Agosti Mirambo alikuja mwenyewe mpaka Tabora, akaichoma moto. Watu walikimbilia Kwihara na watoto wao na mali yao. Stanley alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe, akatweka bendera ya Marekani juu ya dari, akangoja. Mirambo hakuja. Tarehe 20 Septemba Stanley aliondoka kwa njia ya mzunguko wa kusini, akamkuta Livingstone Ujiji. Mzungu mwenziwe, Shaw, alikuwa mgonjwa, akarudishwa njiani, akafa Kwihara.

Stanley na Livingstone walirudi Kwihara pamoja tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaenda zake pwani Machi 14, na Livingstone akabaki akingojea wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea. Alingoja zaidi ya miezi mitano. Hapo mwalimu wetu alitusimamisha barazani, akatwambia tufikiri mtu wa miaka 59, mgonjwa, akitazama njia kila siku. Watu 57 walifika katikati ya Agosti, na tarehe 25 safari ikaanza kuelekea kusini. Hakurudi tena akiwa hai. Alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, tarehe 1 Mei 1873.

Kwa vitabu vingi habari za Kwihara zimekwisha hapo, lakini kwangu mimi jambo kubwa la kijiji hiki lilitokea baadaye.

Watu wa Livingstone walikuwa na ruhusa ya kila namna ya kumzika na kwenda makwao. Bwana wao amekufa, mshahara haujulikani utalipwa na nani, na watu wengi wa njiani huogopa kupitishiwa maiti katika nchi yao. Wao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti. Susi, aliyetoka Shupanga katika mto Zambezi, na Chuma, Myao aliyewahi kuokolewa utumwani akiwa mtoto, ndio walioongoza. Jacob Wainwright, aliyesomeshwa katika shule ya misheni huko Bara Hindi, ndiye aliyesoma sala na kuchonga jina la marehemu katika mti. Msafara ule ulikuwa na wanawake pia. Mmoja wao, Halima, alikuwa mpishi.

Waliingia Kwihara Oktoba 1873. Na nani alikuwa akikaa katika tembe lile lile? Luteni Cameron na Waingereza wenzake, waliotumwa kumsaidia Livingstone! Cameron alishauri mwili uzikwe hapo hapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa na hatari. Fikiri, msomaji, mambo yalivyokuwa. Mwenye cheo, mwenye bunduki na barua za serikali, Mzungu wa kabila la marehemu, asema, "Mzikeni." Na watu waliotembea zaidi ya miezi mitano na mzigo ule wamjibu, "La." Cameron hakuweza kuwazuia. Alichukua baadhi ya vyombo vya Livingstone vya kupimia, kwa ajili ya safari yake mwenyewe, nao wakachukua mwili wao wakaenda.

Mbele kidogo, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite. Basi wapagazi wakafanya hila. Walitoa watu wachache warudi na mzigo wa miti iliyofungwa mfano wa maiti, kana kwamba inarudishwa Unyanyembe kuzikwa. Watu hao walipofika mwituni waliitupa miti ile. Mwili wenyewe ulifungwa upya ukawa mtumba wa nguo kama mitumba mingine, ukapita mbele ya macho ya watu. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Tarehe 18 Aprili Livingstone alizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey. Kati ya wote waliombeba, Wainwright peke yake alisafiri na mwili ule. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baadaye, wakasaidia kueleza daftari za safari ya mwisho, na wengine walilipwa Unguja wakaambiwa waende zao.

Tulipokuwa tumekaa uani mwa tembe, mwalimu alitwambia tuandike majina ya wale waliochukua mwili. Tuliyapata machache kwa kukumbushana, kisha tukakwama. Mwanafunzi mmoja akasema, "Andika 'na wengineo'." Tukaandika. Nilipofika hapo nilimkumbuka babu yangu, aliyekuwa akisema kwamba babu wa baba yake alikwenda pwani mara nne na mzigo. Jina lake twalijua nyumbani tu.

Mambo yaliyofuata naweza kuyasema kwa ufupi. Wajerumani walitweka bendera yao Tabora mwaka 1890. Mtemi Isike alipigana nao mpaka Januari 1893, na ngome yake ilipoingiwa alijilipua ndani ya ghala ya baruti asikamatwe. Mwaka 1912 reli ya kati ilifika Tabora, na mzigo ambao ulitaka miezi mitatu na mabega ya watu ukaanza kufika kwa siku chache. Stesheni ilijengwa mjini, maduka yakafuata, na Kwihara ikarudi kuwa kijiji cha wakulima na wafuga nyuki kama ilivyokuwa kabla ya Waarabu. Miembe ya zamani bado ipo njiani. Wazee husema wasafiri walikula maembe na kutupa kokwa, na kweli ukiitazama jinsi ilivyofuatana utadhani inasafiri.

Wazazi watakaokuja siku ya wageni, wakitaka kwenda Kwihara, afadhali waondoke asubuhi. Baiskeli yafaa sana, ila penye mchanga mtashuka na kuisukuma. Wakati wa masika njia hushikwa na matope. Mkifika katika bonde mtaona mji wenye kisima, mkono wa kushoto, karibu na miembe mitatu. Mwenyewe ni yule mzee aliyetupa maji. Mwamkieni "Mwangaluka" kama ni asubuhi, naye atafurahi. Na akiwauliza mwendako, mwambieni mmekuja Kwihara.