Kisu cha Mfukoni: Rahisi Isitugharimu Vidole

Wahenga wetu walisema: mchagua jembe si mkulima. Kwa muda mrefu msemo huo umetumika kumkemea mvivu ambaye kila siku huona ila katika zana ili apate kisingizio cha kutokwenda shamba. Nasi tunaukubali kwa maana hiyo. Lakini hatuamini kwamba wahenga waliusema ili mtu akubali kuuziwa jembe litakalochomoka mpinini siku ya pili. Kuchagua zana ni sehemu ya kazi yenyewe. Leo tungependa kuizungumzia zana ndogo kuliko jembe, ambayo wengi wetu huitia mfukoni asubuhi pamoja na funguo na kuisahau hadi inapohitajika, nayo ni kisu cha kukunja.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni dogo mno kwa safu hii. Muuza machungwa hukimenyea kutwa nzima. Mama anayelima mwani hukikatia kamba, na yule anayesuka mikeka hukipasulia ukindu. Fundi wa umeme hukivulia waya ngozi, karani hukifungulia maboksi, na mchumaji wa karafuu hukitumia kwa kazi kumi ambazo hakuzikusudia alipotoka nyumbani. Ni zana ya mtu wa kipato kidogo, na kwa sababu hiyo ndiyo inayouzwa kwa ulaghai mwingi.

Tunasema haya kwa kuwa yametupata. Miaka michache iliyopita tulikuwa miongoni mwa watu waliokabidhiwa visu vya kukunja kwa kazi ya kukagua miche mashambani. Vilinunuliwa kwa jumla kutoka kwa mzabuni aliyetoa bei ya chini kuliko wenzake, na karatasi zote zilikuwa sawasawa. Wiki ya pili mwenzetu mmoja alikuwa akikata tawi. Kifungio kikaachia, bapa likajifunga juu ya vidole vyake. Alishonwa, akapona, lakini kidole chake cha shahada hakikunjiki tena kama zamani. Tulipovikagua visu vilivyosalia tuliona kwamba zaidi ya nusu vilikuwa na ila ile ile, na kwamba ila hiyo ingeonekana kwa mtu yeyote ambaye angekifungua kisu kimoja na kukitazama. Hakuna aliyekifungua. Sisi wenyewe tulitia sahihi kuvipokea vikiwa bado ndani ya boksi. Hatuna haki, basi, ya kumlaumu mzabuni peke yake.

KUTU NDIYO ADUI WA KWANZA

Sisi ni watu wa visiwani, na hewa tunayovuta ina chumvi. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi liwe juu ya chuma. Visu vya kukunja hufuliwa kwa feleji za aina mbili. Ipo feleji ya kaboni, ambayo hunoleka upesi na kushika makali mazuri, lakini hushika kutu upesi vile vile. Ipo feleji isiyoshika kutu, ambayo imechanganywa na madini ya kromiamu kwa kiasi cha asilimia 10.5 au zaidi. Jina lake lisitudanganye: hata hiyo huota madoa na vishimo ikiachwa na maji ya bahari. Tofauti ni kwamba ya kwanza huharibika kwa usiku mmoja, na ya pili humpa mwenyewe nafasi ya kujirudi.

Aghalabu bapa huwa limechorwa alama, na mwenye kuzijua hadanganyiki kwa urahisi. Neno "Inox" au "Stainless" maana yake ni feleji isiyoshika kutu. Visu vingi vya bei nafuu siku hizi hutoka China, hususan mji wa Yangjiang katika jimbo la Guangdong, ambao ni kituo kikubwa cha kazi hiyo. Baadhi yake huandikwa 3Cr13 au 8Cr13MoV. Tarakimu 13 huonyesha kiasi cha kromiamu kwa mia, yaani asilimia 13 hivi. Tarakimu ya mwanzo huonyesha kaboni: 3 ni takriban asilimia 0.3, na 8 ni takriban asilimia 0.8. Kaboni ikizidi, chuma huweza kukazwa zaidi na makali hudumu zaidi. Basi kati ya visu viwili vyenye bei karibu sawa, chenye 8 kitakata muda mrefu kabla ya kutaka kinoo, ilhali chenye 3 kitakuwa butu upesi ingawa hakitashika kutu kwa urahisi. Kisu kisichokuwa na alama yoyote si lazima kiwe kibaya, lakini muuzaji wake hana haki ya kutoza bei ya kilicho na alama.

KIFUNGIO NI AMANA YA VIDOLE

Swali la pili ni hili: bapa likishafunguliwa, ni kitu gani kinachokizuia kisu kisijifunge? Baadhi ya visu havina kifungio. Springi tu hulikaza bapa, nalo hurudi likisukumwa. Hivyo vinafaa kwa matunda, barua na kamba nyembamba, na kwa kuwa mwenyewe anajua havina kifungio, huvitumia kwa hadhari. Vingine vina pete inayozungushwa, vingine ulimi wa bati unaoingia nyuma ya bapa, na vingine kitasa mgongoni mwa mpini. Hatari kubwa imo katika kifungio cha uongo, kilichowekwa ili kionekane. Kifungio kibovu ni kibaya kuliko kukosa kifungio kabisa, maana humwondolea mtu hadhari bila ya kumpa kinga.

Tuvitazame visu vinne ambavyo majina yake yamekwenda mbali, na ambavyo hakuna hata kimoja kilichobuniwa kwa ajili ya matajiri.

Cha kwanza ni Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na bara letu la Tanganyika lilikuwa moja ya makoloni hayo. Kimepewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo. Siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Mpini wake ni wa mti, kwa kawaida umetiwa michoro ya nyota na miezi, na mgongoni kina pete ndogo ambayo huvutwa ili bapa liachie. Ni kisu cha kazi na bei yake ni ya mtu wa kazi. Ila yake kwetu ni moja: ni cha feleji ya kaboni, na asiyekifuta atakikuta kimekuwa chekundu.

Cha pili ni Opinel, kilichoanzishwa na Joseph Opinel katika milima ya Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Vipimo vyake hupewa namba, na namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, ndiyo inayofaa mifuko ya watu wengi. Tangu mwaka 1955 kina pete ya chuma ambayo ikizungushwa hulifunga bapa. Huuzwa kwa feleji za aina zote mbili, na mkaazi wa visiwani asiyetaka taabu achague ile isiyoshika kutu. Ajue pia kwamba mpini wake ni wa mti, na mti ukinywa maji huvimba. Msimu wa masika bapa linaweza kukaza hata lisifunguke kwa kucha.

Cha tatu ni Victorinox cha Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake huko Ibach mwaka 1884, akaanza kuwapelekea askari wa nchi yake visu mwaka 1891. Vile vidogo vya kampuni hiyo havina kifungio na si vya kazi nzito, lakini chuma chake hakishiki kutu kwa urahisi na springi yake hudumu. Kwa karani, mwalimu au muuguzi, hicho kinatosha. Bei yake hupita ya viwili vilivyotangulia, na kwa sababu hiyo vya bandia ni vingi. Anayekiona kwa robo ya bei asidhani kwamba amebahatika.

Cha nne tunakitaja kwa kuwa kilikusudiwa watu wa visiwa. Ni Douk-Douk, kilichotolewa mwaka 1929 katika mji wa Thiers, Ufaransa, ili kiuzwe katika visiwa vya Melanesia, bahari ya Pasifiki. Mpini wake ni bati lililokunjwa, springi yake ni ngumu, na hakina kifungio. Ajabu ni kwamba waliokibuni kwa ajili ya visiwa walikifua kwa feleji inayoshika kutu. Wakati mwingine mtengenezaji hajui mteja wake anaishi wapi, na mteja ndiye anayepaswa kujijua.

Neno moja kwa wavuvi. Kisu cha kukunja hakiwafai kwa kazi ya chomboni. Magamba, damu na chumvi huingia katika kiungo, mahali ambapo kitambaa hakifiki, na huko ndiko kutu inakoanzia. Kisu cha ala kilichofuliwa na mhunzi wetu, chenye mpini ulioshika imara, kitawafaa zaidi, na pesa zake zitabaki kijijini.

NAMNA YA KUKIJARIBU DUKANI

Mnunuzi asione haya kumchelewesha muuza duka. Akifungue kisu na kukifunga mara kumi, na akisikie: kinachokwama leo kitakwama kesho. Akishike bapa kwa vidole viwili, alitikise kushoto na kulia. Likicheza likiwa jipya, baada ya mwezi litakuwa limelegea kabisa. Akifunge akitazame kwa juu: bapa likae katikati ya mpini, lisiguse upande. Kisha, kifungio kikiwa kimeshika na vidole vikiwa mbali na njia ya makali, aukandamize mgongo wa bapa taratibu juu ya ubao. Kikiachia, akirudishe kaunta bila ya maneno mengi. Mwisho akate ukingo wa karatasi; makali yakirarua badala ya kupasua, basi atalazimika kuanza na kinoo.

Baada ya kununua, kazi haijesha. Kisu kinachokatia embe bichi au ndimu kifutwe papo hapo. Feleji ya kaboni itageuka rangi ya kijivu na weusi. Huo si ubovu, na weusi huo hupunguza kutu. Kutu yenyewe ni nyekundu, nayo iondolewe siku ile ile. Tone moja la mafuta ya cherehani katika kiungo kila baada ya muda latosha, na bapa linalogusa chakula lipakwe mafuta ya kupikia. Kinoo kiloweshwe, bapa lilazwe kwa pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande, na mkono uende bila ya haraka. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba hata mnyama anayechinjwa ana haki ya kisu kikali ili asiteswe. Na mtumiaji naye ana haki hiyo, maana kisu butu hulazimisha nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza.

Yapo pia ya sheria. Kisu kisiwekwe katika mkoba wa mkononi unaoingia nao ndani ya ndege. Kitiwe katika mzigo unaokabidhiwa. Na anayekwenda kuwatembelea jamaa Uingereza afahamu kwamba huko sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kubeba hadharani bila ya sababu maalumu kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 tu, yaani sentimita 7.62, na kisichokuwa na kifungio. Kifungio tunachokisifu hapa, huko humtia mtu mashakani. Na hapa kwetu, kisu kibaki kuwa zana: asubuhi ya kazi kina maana, usiku wa ngoma hakina.

Tunamalizia kwa ndugu zetu wenye dhamana ya kununua kwa niaba ya umma. Bei ya chini ni jambo jema, na hatuwashauri kutupa pesa za wananchi. Tunachoomba ni kwamba kabla ya boksi kupokelewa, mtu mmoja avifungue visu vitano, avitikise, avikandamize, ndipo atie sahihi. Kazi hiyo haichukui robo saa. Na wenye kusimamia bidhaa zinazoshuka bandarini wavitazame vifungio kama wanavyotazama tarehe za vyakula, kwani vyote viwili huweza kumdhuru asiye na habari.

Rahisi huvunja upishi, wanasema akina mama, nao wana hakika. Kisu cha bei nafuu kilichochaguliwa kwa macho kinaweza kumtumikia mtu miaka mingi. Kilichopokelewa kwa sahihi bila ya kufunguliwa tumekwisha kuiona gharama yake. Kila tunapopeana mkono na mwenzetu yule, kidole kimoja hubaki kimenyooka.