Tovuti Mbele ya Mhariri

Tangu mwaka 1998 hadi Machi 2017, orodha ya tovuti za dunia iliyojulikana kwa jina la DMOZ iliandaliwa na wahariri wa kujitolea, watu na si mashine. Kuingizwa humo hakukutozwa ada. Swali lao la kwanza lilikuwa: je, tovuti hii ina jambo lake yenyewe, ama imenakili ya jirani? Nakala ilikataliwa. Iliyoandikwa "inatengenezwa" ilikataliwa pia. Na mwenyewe akijisifu kuwa yeye ni bora kuliko wote, mhariri alizifuta sifa hizo, akaeleza kwa ufupi kilichomo.

Orodha hiyo haipo tena, lakini kipimo chake kinatuhusu sisi watu wa visiwani. Mwananchi wa Pemba anapofungua tovuti ya idara, hutafuta fomu, ada na saa za kazi. Asipoviona, hulipa nauli ya boti kwenda kuuliza Unguja. Picha za mkubwa akikata utepe (nazo hazikosekani) hazimpunguzii safari hiyo. Ndugu watendaji, mhariri yule angeifungua tovuti yenu leo, angeiorodhesha?