Tairi kipara lililotoka dukani

Mkenya akisikia habari za mashindano ya magari, mawazo yake hukimbilia vumbi na mawe ya Safari Rally. Lakini huko Marekani kuna mbio ambazo humalizika kabla mtazamaji hajakaa vizuri kitini. Hizi ni mbio za dragi. Magari mawili husimama sambamba, taa ya kijani huwaka, na madereva hukanyaga mafuta kwa umbali wa robo maili, yaani mita 402. Hakuna kona hata moja.

Chama kikuu cha mchezo huo, NHRA, kilianzishwa mwaka wa 1951 na Wally Parks huko California. Wengi wa washiriki ni watu wa kawaida wasiolipwa chochote, na baadhi yao huja uwanjani na gari lile lile la kwendea kazini.

Mtu kama huyo hutamani sana kuanza na injini. Heri aanze na matairi. Nguvu zote za gari hupitia vipande viwili vya mpira vinavyogusa lami, na magurudumu yakizunguka bure pale pa kuondokea, nguvu hizo huwa moshi na kelele tu.

Hapa kwetu tairi kipara humtia dereva mashakani akikutana na askari wa trafiki. Kule, kipara hununuliwa kikiwa kipya! Hakina meno, ili mpira wote ushike lami. Mpira wenyewe ni laini, nao ubavu wa tairi ni mwembamba hivi kwamba gari likiondoka hukunjamana kama soksi iliyoteremka. Mkunjo huo hupokea kishindo cha injini kidogo kidogo, tairi lisiteleze. Ndiyo sababu upepo hutiwa kiasi tu, mara nyingi ratili 12 hadi 16 kwa inchi ya mraba, ilhali magari mengi ya barabarani hutiwa 30 hivi.

Anayetaka kurudi nyumbani kwa gari hilo hilo hununua radiali za dragi, ambazo zina meno machache na huruhusiwa barabarani. Mvua ikinyesha, aendeshe pole pole sana. Asichanganye radiali na matairi ya nyuzi za kupishana, kwani gari huweza kuyumbayumba likiwa kasi.

Je, ukubwa? Soma ubavuni. Tairi la 275/60R15 lina upana wa milimita 275, ubavu wake ni asilimia 60 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 15. Ukipiga hesabu, kimo chake ni kama inchi 28. Kutoka inchi 26 hadi 28 si mchezo: gari huwa kana kwamba limebadilishiwa gia kwa takriban asilimia 7, na huondoka kizito zaidi.

Rimu kubwa za kupendeza macho hazifai hapa, maana huacha ubavu mfupi usiokunjamana. Wengi hushuka hadi inchi 15, lakini kwanza hupima kama rimu itapita juu ya breki. Magari ya siku hizi yana breki kubwa. Nati nazo zishike uzi wa stadi kwa urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe. Hilo ni sharti la NHRA, wala si la kubishania.

Wajanja huchora mstari wa chaki kutoka kwenye rimu hadi kwenye tairi. Mistari ikipishana baada ya mbio, tairi limezunguka juu ya rimu, na kama lina tyubu, vali yaweza kung'oka.

Mwenye matairi ya kawaida alizunguke dimbwi la maji la kuchomea matairi, kwa sababu meno hubeba maji hadi mstari wa kuondokea. Mwenye vipara huingia humo, akavipasha moto. Msimu ukiisha, huvihifadhi gizani, mbali na jua na mashine ya kuchomelea vyuma.